Mbuzi si hukumu

Katika nchi yetu ya Kongo kuna watu ambao sisi sote twakiri ya kama walitutangulia. Wazee wetu walipofika katika misitu ya Ituri, ya Kivu na ya Tanganyika, waliwakuta humo Wambuti na Watwa, wakiwinda nyama, wakitafuta asali, wakijua kila mti na kazi yake. Katika tawala kadhaa za zamani mwami hakusimikwa bila Watwa kufanya sehemu yao ya ibada. Basi hao waliotutangulia msituni, leo ndio wa mwisho mlangoni pa tribinali. Na kati yao aliye wa mwisho kabisa ni mama.

Tarehe 15 Julai 2022 Rais wa Jamhuri alitia sahihi Sheria namba 22/030, ya kulinda na kuendeleza haki za watu hao wa asili. Sheria hiyo yataka mila zao zitambuliwe, ardhi na misitu yao iheshimiwe, wasihamishwe bila ridhaa yao waliyoitoa mapema, kwa hiari na kwa kujua. Tena yataka njia ya kufika mbele ya haki irahisishwe kwao. Ni sheria njema, nasi twaisifu. Lakini imeandikwa kwa Kifaransa, nayo ilitengenezwa Kinshasa. Mama wa Kitwa anakaa Kalehe au Kabare, katika kibanda kando ya shamba la mtu mwingine, na siku nzima anafinyanga vyungu au anabeba mizigo ya wenzake ili jioni apate unga. Kati ya karatasi ile na mama huyu kuna njia ndefu. Tuifuate kidogo, maana njia hiyo inapita katika vijiji vyetu wenyewe.

Tuseme jambo lililo la kawaida mno, hata watu hawalishangai tena. Binti wa Kitwa amekwenda kulima kwa ujira katika shamba la jirani. Jioni anarudi akilia, na mama yake anaelewa bila kuuliza. Baba anakwenda kwa mzee wa kijiji. Mzee anamwita mwenye shamba. Wanakaa, wanazungumza, kasiksi inaletwa. Kesho yake asubuhi mbuzi mmoja anafungwa mbele ya kibanda cha Watwa, na watu wote wanasema jambo limekwisha. Mama hakuitwa barazani. Binti hakuulizwa hata neno moja.

Je, limekwisha kweli? Sheria ya nchi yajibu: hapana. Tangu tarehe 20 Julai 2006, Sheria namba 06/018 yamwadhibu mwenye kumnajisi mtu kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20. Sheria namba 06/019 ya siku ile ile yakataza kabisa kosa hili kufutwa kwa kulipa faini. Yaagiza uchunguzi wa kwanza umalizike katika mwezi 1, na hukumu itolewe katika miezi 3. Tena mganga aitwe kumtazama aliyeumizwa, pamoja na mtu aliyesomea mambo ya moyo na akili. Basi mzee anayepokea mbuzi na kufunga shauri hana uwezo huo. Hakupewa na Serikali, wala hakupewa na Mungu.

Tusimhukumu upesi baba wa binti. Kibanda chake kimesimama juu ya ardhi ya yule yule anayemshtaki. Akikataa mbuzi, kesho aweza kuambiwa ahame, na usiku mmoja watosha kuhamisha watu wasio na kitu. Tena ni nani atakayempa nauli ya kwenda kwenye parke? Huko ataombwa fedha ya karatasi, fedha ya askari wa kwenda kumshika mshtakiwa, fedha ya hiki na ya kile, ijapokuwa sheria haikusema hivyo. Mbuzi yupo mbele yake leo; hukumu iko mbali, na yeye hajawahi kumwona Mtwa aliyeipata.

Wala hatuyadharau mapatano ya wazee. Ng'ombe akila mihogo ya jirani, mpaka wa shamba ukivurugika, ndugu wawili wakitukanana, nani asiyependa waketi chini ya mti na kupatana? Kumpeleka mtu mjini kwa ajili ya mihogo ni ujinga. Lakini mwili wa mtoto wa kike si mihogo. Tena katika baraza la namna hii, mara nyingi Mtwa hana kiti. Wanaoamua ni jamaa na rafiki za mwenye shamba. Mapatano ambayo upande mmoja hauwezi kuyakataa tuyaite kwa jina gani?

Kuna neno jingine, nasi twaliandika kwa aibu, maana magazeti ya jamaa za kikristu hayapendi kutaja mambo ya namna hii. Katika nchi hizi za Maziwa Makuu umeenea uongo wa zamani ya kama mwanamume anayeumwa mgongo atapona akilala na mwanamke wa Kitwa. Wengine wanausimulia kwa kucheka. Ni ushirikina mchafu, na wanawake wengi wamenajisiwa kwa sababu yake. Mkristu anayeusikia na kucheka pamoja na wengine, afikiri: je, kama mwanamke huyo angekuwa dada yake, angecheka?

Sasa tuseme mama amekaza moyo, amekataa mbuzi, amefika mjini kwa miguu. Ofisini anaulizwa kitambulisho. Hana. Mtoto wake hana cheti cha kuzaliwa. Sheria ya jamaa yataka kila mtoto aandikishwe katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Siku hizo zikipita, sherti tribinali itoe hukumu ndipo cheti kiandikwe. Angalieni basi: ili asikilizwe vizuri na tribinali anatakiwa cheti, na ili apate cheti anarudishwa tribinali! Na ndoa yake vilevile. Iliunganishwa na wazee mbele ya moto, haikuandikwa katika kitabu chochote. Siku mume atakapokufa au atakapomwacha, atathibitisha nini, na kwa karatasi gani?

Hata mama mwenye karatasi zote, Mtwa au asiye Mtwa, alikuwa na kizuizi nyumbani mwake. Kitabu cha Sheria ya Jamaa cha tarehe 1 Agosti 1987 kiliagiza ya kama mwanamke aliyeolewa hawezi kwenda tribinali kwa madai yake bila ruhusa ya mumewe. Agizo hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Ni waume wangapi wanaojua? Tumesikia wasomi, wenye diploma, wakisema bado kwamba mke hana mdomo mbele ya mwamuzi ila kwa mdomo wa bwana wake. Ikiwa wasomi hawajui, mama wa msituni atajuaje?

Bwana wetu alisimulia habari ya mjane aliyemsumbua mwamuzi mwovu mpaka mwamuzi akachoka akampa haki yake. Mjane yule walau aliweza kumfikia mwamuzi kila siku, naye alisema lugha moja naye. Mama wetu wa Kitwa anasikia Kifaransa kikisomwa juu ya kichwa chake. Mnamo Oktoba 2022 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayolinda haki za wanawake ilitoa shauri lake namba 39, juu ya wanawake na wasichana wa watu wa asili. Yataka serikali zote ziwape wakalimani, na ya kama haki ya Serikali na haki ya mila zote mbili ziheshimu mwanamke. Kongo ilijifunga kwa mapatano hayo juu ya wanawake tangu mwaka 1986.

Labda msomaji atauliza: kwa nini binti yule alikwenda kulima shamba la mwingine? Hapo ndipo mzizi ulipo. Mwaka 1970 Serikali ilitengeneza hifadhi ya Kahuzi-Biega ili kuwalinda sokwe wakubwa. Mwaka 1975 ikaipanua mara nyingi zaidi, hata ikafikia eka za metriki 600,000 hivi. Watwa waliokaa humo waliondolewa. Hawakupewa ardhi nyingine ya kutosha, wala hawakulipwa. Mama aliyezoea kuokota uyoga, viazi mwitu, kuni na dawa katika msitu wake, siku moja akawa mtu wa kuomba kazi. Mwenye kuomba kazi kwa jirani yuko mkononi mwa jirani. Kwa hiyo wanaosema ya kama shauri la msitu ni la wanaume, na shauri la kunajisiwa ni la wanawake, hawaoni sawasawa: ni shauri moja.

Watwa wa Kahuzi-Biega hawakunyamaza. Walijaribu tribinali za nchi, wasipate walichokitafuta. Mwaka 2015, wakisaidiwa na chama kimoja cha Kongo na kimoja cha Uingereza, walipeleka mashtaka yao mbele ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Mataifa, yenye makao Banjul, nchi ya Gambia. Uamuzi ulitangazwa Julai 2024. Tume ilisema Serikali ilivunja haki za Watwa, ikashauri warudishiwe ardhi ya mababu kwa hati, walipwe fidia, na waombwe radhi mbele ya watu wote. Ni neno kubwa. Lakini Tume haina askari, inashauri tu. Hesabuni miaka tangu 1975 mpaka 2024: mama aliyeondolewa akiwa na mtoto mgongoni, wengi wa namna yake wamekwisha kuzikwa.

Hata hivi, yawezekana haki kumfuata mtu kijijini. Kavumu si mbali na mlango wa hifadhi ile ile. Huko, miaka ya 2013 hadi 2016, watoto wa kike karibu 40, wengine wadogo sana, waliibwa usiku na kunajisiwa. Si watoto wa Kitwa, lakini walikuwa watoto wa maskini, na kwa muda mrefu hakuna aliyesikiliza. Mwishowe, mwaka 2017, tribinali ya kijeshi ilitoka Bukavu ikaja kukaa Kavumu penyewe. Mashahidi walifichwa nyuso na sauti zao zilibadilishwa ili wasitambulikane. Mnamo Desemba 2017 mbunge mmoja wa jimbo na wenzake wakahukumiwa kifungo cha maisha. Mtu mkubwa akaanguka mbele ya watu wasio na viatu! Kilichofanya hivyo ni wazazi waliokataa kunyamaza, waganga walioandika vizuri waliyoyaona, na waamuzi waliokubali kupanda gari na kwenda kukaa penye matope.

Tangu Goma ilipotwaliwa Januari 2025, na Bukavu Februari 2025, kazi ya tribinali za Serikali katika sehemu hizo imevurugika sana. Wengine wanasema basi tungoje amani kwanza. Sisi hatukubali. Yako mambo yasiyongoja mwamuzi. Mganga aweza kumtazama binti leo na kuandika karatasi yenye tarehe. Karatasi hiyo itunzwe mahali pakavu, penye mtu mwaminifu, kwa siku ambayo mwamuzi atarudi. Aliyenajisiwa afikishwe hospitali kabla saa 72 hazijapita, maana dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi baada ya hapo haifai tena. Jirani aliyeona aweza kuahidi, mbele ya shahidi, ya kama atasema alichokiona.

Na huko ambako tribinali zinafanya kazi, mama asiye na fedha aweza kuomba hati ya umaskini kwa ofisi ya mambo ya jamii, ili asidaiwe gharama ya kufungua shauri. Maavoka wana ofisi yao ya kutoa mashauri bure katika miji yenye chama chao. Watwa wengi hawajui hata kwamba ipo, kwa hiyo sherti mtu anayejua afuatane nao mpaka mlangoni. Mama wa parokia wawili, mmoja ajuaye kusoma na mmoja asemaye lugha ya Watwa, wanatosha kwa safari hiyo. Wakatekista nao wana daftari la ubatizo: kila Mtwa anapozaliwa wanaweza kuhesabu siku 90 na kuwaonya wazazi kabla hazijapita.

Kwa wazee wa vijiji wanaolisoma gazeti hili, nao ni wengi, twaomba neno moja tu. Akiletwa mbele yenu mwenye shamba na mbuzi wake, mwulizeni kwanza binti yuko wapi, na kama amekwisha kufikishwa kwa mganga. Mbuzi arudi na mwenyewe.