Tanuri Linapozeeka: Utunzaji na Ukarabati wa Tanuri la Umeme la Kioo katika Mitaa ya Eastlands

Chupa tupu haikosi mnunuzi katika mitaa ya Eastlands, Nairobi. Wapo wanaoziokota, wapo wanaoziosha, na wapo wanaoziuza tena kwa mwenye asali au mwenye mafuta ya kupaka. Ile iliyovunjika ndiyo isiyo na mwenyewe. Hata hivyo, Nani Croze alipoanzisha karakana yake ya kioo huko Kitengela, kusini mwa jiji, mwaka 1981, ilibainika kwamba hata kigae cha dirisha kinaweza kugeuzwa bilauri, shanga au pambo la ukutani. Karakana ya namna hiyo huhitaji uwanja, moshi na majirani wavumilivu. Fundi wa Umoja au Kayole mwenye chumba kimoja hana hata kimojawapo cha vitu hivyo. Njia iliyo karibu naye ni tanuri dogo la umeme.

Makala haya yananuia kueleza jinsi tanuri la aina hiyo linavyofanya kazi, linavyozeeka na linavyokarabatiwa. Maelezo yanayoandamana na tanuri aghalabu huwa ya Kiingereza, ilhali fundi atakayeitwa kulitazama, awe ametoka Kariobangi Light Industries au Gikomba, huiongea kazi yake kwa Kiswahili: koili imekatika, stima iko chini, waya zimepiga shoti. Baina ya kitabu na mdomo wa fundi kuna pengo, na katika pengo hilo ndimo kazi ya watu inamoungulia. Tena, tanuri haliharibiki kwa kishindo. Huanza kwa kusema uongo mdogo mdogo, na mwenye kulitunza hana budi kuujua uongo huo mapema.

Kwanza jina. Kiswahili kina joko, mahali pa kuchomea vyungu, na kina tanuri, au tanuu, neno lililotoka katika Kiarabu na ambalo watu wa pwani walilitumia kwa muda mrefu kulitaja tanuu la chokaa, pale mawe ya matumbawe yanapochomwa hadi kuwa unga. Joko bado lina harufu ya kuni na majani makavu. Kwa hiyo tanuri ndilo litakalotumiwa hapa, ingawa mfinyanzi angeweza kuteta.

Kioo hakiyeyuki kama barafu, kwa nyuzi moja maalumu. Hulainika hatua kwa hatua. Kioo cha kawaida cha chupa, kifikapo karibu nyuzi 700 za Selsiasi, hulegea na kujilaza katika kalibu. Kikipita 800 vipande viwili huanza kushikana na kuwa kimoja. Hatua hizo huwafurahisha wanaoanza kazi hii. Iliyo muhimu zaidi huja baadaye, wakati wa kurudi chini. Kipande kikipoa upesi, uso wake huganda kabla ya kiini, na sehemu hizo mbili hubaki zikivutana. Kipande hicho chaweza kutoka tanurini kikiwa kizima, kikauzwa, kisha kikapasuka juu ya meza ya mnunuzi juma moja baadaye. Ndiyo maana kioo huzuiwa karibu na nyuzi 540, kikakaa hapo hadi joto lienee sawasawa, ndipo kishushwe polepole. Makala haya yanaiita hatua hiyo kutuliza kioo. Kipande kinapokuwa kinene ndivyo utulizaji unavyorefuka. Kikizidi unene maradufu, muda wake huzidi zaidi ya maradufu.

Kuna na jambo la asili ya chupa. Chupa iliyotoka katika kiwanda cha kioo cha Kasarani, iliyofanywa Mombasa, na iliyokuja na kinywaji cha ng'ambo, zote huitwa chupa, lakini si lazima zisinyae kwa kiasi kimoja. Zikiunganishwa, hakuna utulizaji utakaozipatanisha. Anayevunja chupa na avunje za aina moja kwa siku moja. Kosa hili mara nyingi hubebeshwa tanuri lisilo na hatia.

Koili na maradhi yake

Moyo wa tanuri ni koili. Waya wake huwa wa aina mbili kuu. Upo wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu ambao Albert Marsh wa Marekani aliupatia hataza mwaka 1906, na upo wa chuma, kromu na alumini, ujulikanao zaidi kwa jina la Kanthal, kampuni ya Uswidi. Huu wa pili ndio unaopatikana katika matanuri mengi. Unapopata moto kwa mara ya kwanza, alumini yake hutoka juu na kuunda ngozi nyembamba ya oksidi inayoukinga waya usiliwe na hewa. Basi koili mpya huwashwa kwanza tanuri likiwa tupu, ili ivae ngozi hiyo kabla ya kukutana na mvuke wowote.

Ngozi hiyo ina gharama yake. Waya uliokwisha kuchomwa huwa mkavu kama kijiti cha kiangazi: ukikunjwa ungali baridi, huvunjika. Fundi aliyezoea waya wa shaba huushika kwa koleo, akaukunja kidogo tu, na koili iliyokuwa na kasoro moja sasa ina mbili. Kanuni ni kuupasha hadi uwe mwekundu, kuzima stima na kuchomoa plagi, ndipo uguswe kwa koleo ungali na joto.

Adui wa pili ni kioo chenyewe. Tone likidondokea koili huung'ang'ania waya, likala ngozi yake na kuzuia joto lisitoke, hata waya ukakatika papo hapo. Kwa sababu hiyo rafu ya tanuri hupakwa mchanganyiko wa alumina na kaolini uliokorogwa kwa maji, ukaachwa ukauke kabisa, ili kioo kisigandie. Vumbi la matofali na chembe za kioo hufyonzwa kwa mashine baada ya michomo michache, tanuri likiwa limechomolewa. Kupuliza kwa mdomo hakufai. Matanuri mengi ya kioo yana sufi ya kauri badala ya matofali, na vumbi la sufi hiyo hudhuru mapafu. Huloweshwa kidogo, na anayeigusa huvaa barakoa.

Koili ikikatika, kishawishi kikubwa ni kusokota ncha mbili zilizokatika, kama inavyofanywa kwenye jiko la koili. Kifundo hicho huwa na mguso hafifu, huzidi joto kuliko waya uliobaki, na hukatika tena, pengine baada ya mchomo mmoja. Kubaya zaidi ni kuweka koili ya jiko mahali pa koili ya tanuri. Jiko halifiki nyuzi 800. Koili mpya inapaswa kuwa na unene, urefu na ukinzani ule ule wa ya kwanza, na ivutwe kwa usawa, kwani pale pingili zinapobanana ndipo inapoungulia.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chukua tanuri lenye koili ya omu 20. Kwa volti 240 hupita ampea 12, na nguvu yake ni wati 2,880. Waya unapozeeka huliwa, ukawa mwembamba, na ukinzani ukapanda. Ukifika omu 22, nguvu hushuka hadi wati 2,600 hivi. Mita ndogo ya fundi, ikipimwa tanuri likiwa limechomolewa, huonyesha badiliko hilo waziwazi. Ongezeko la sehemu moja kwa kumi ndilo mafundi wengi wa matanuri hulichukua kuwa ishara ya kubadilisha koili.

Stima ya mtaani

Hata hivyo, katika Eastlands si haki kuilaumu koili kabla ya kuuliza habari za laini. Jioni, wakati shawa, pasi na majiko ya mtaa mzima yanawaka, volti huweza kushuka. Tanuri lile lile la omu 20 likipata volti 200 badala ya 240 huvuta ampea 10 tu, na nguvu yake huwa wati 2,000. Volti imepungua kwa sehemu moja kati ya sita, lakini nguvu imepungua kwa karibu theluthi moja. Mwenye tanuri huona limelemaa, akaagiza koili mpya, kumbe koili ni nzima. Atangulie kupima volti kwenye soketi tanuri likiwa linawaka, au achome usiku wa manane uone tofauti.

Soketi nayo inataka neno. Plagi ya kawaida ya Kenya ina fyuzi ya ampea 13, na tanuri la ampea 12 limo ndani ya kipimo hicho. Lakini pasi huwaka na kuzima, na shawa, ijapokuwa huvuta nguvu nyingi zaidi, humalizika kwa dakika chache. Tanuri hukaa saa nyingi mfululizo. Nyumba za Kaloleni zilijengwa katika miaka ya 1940, na za Jericho baada ya hapo. Waya zake hazikuwekwa kwa kazi ya namna hii. Plagi ikianza kuwa na joto au soketi ikageuka rangi ya chai, tanuri lizimwe. Linahitaji waya wake peke yake kutoka kwenye boksi la fyuzi, wenye unene wa kutosha na wa ardhini uliothibitishwa, uliowekwa na fundi mwenye leseni. Kwenye jengo la ghorofa sita, anayelipia uzembe huo ni jirani wa juu.

Themokapo na ulimi wake

Joto la tanuri husomwa na themokapo: nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani. Thomas Seebeck aligundua mwaka 1821 kwamba maungo ya namna hiyo, yakiwa na joto tofauti, huzalisha umeme. Umeme wenyewe ni mdogo mno. Kwa themokapo ya aina ya K, itumikayo sana, ni takriban sehemu 41 za milioni moja ya volti kwa kila nyuzi. Kidhibiti husoma kiasi hicho kidogo na kuamua kama koili ziwake au zizime. Kwa maneno mengine, tanuri zima linaongozwa na mnong'ono.

Mnong'ono huo hupotoshwa kwa njia kadhaa. Ncha ikirudi nyuma ndani ya ukuta, husoma joto la ukuta, lililo chini ya la kioo, na kidhibiti kikaongeza moto bila kujua. Nyaya zikigusana nje ya tanuri, kidhibiti husoma joto la pale zilipogusana. Zikiunganishwa kinyume, namba hushuka kadiri tanuri linavyopata moto. Hapa pana mtego kwa fundi wa Nairobi: katika rangi za Kimarekani, waya mwekundu wa themokapo ndio wa hasi, ilhali yeye amefundishwa na nyumba za zamani kwamba mwekundu ndio wenye stima. Asiyeamini rangi atumie sumaku. Katika aina ya K, waya unaovutwa na sumaku ndio wa hasi.

Kipo pia kifaa kinachotii amri: rilei, au kontakta. Mlio wake wa ta-ta ndio pumzi ya tanuri. Kila mlio hulamba kidogo metali ya migusano, na siku moja migusano hiyo huweza kushikana isiachane tena. Kidhibiti kitaamuru kuzima, nacho chombo hakitasikia. Rilei za kielektroniki hazina mlio, lakini nazo zikifa aghalabu hufa zikiwa wazi kwa stima. Kwa sababu hiyo tanuri linalofaa huwa na kontakta ya pili, yenye kipimo chake cha joto, inayokata stima likizidi kiwango. Lisipokuwa nayo, haliachwi peke yake usiku.

Lipo jambo ambalo hakuna rilei inayoliweza. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, na nchi nzima ikakosa stima kwa zaidi ya saa tatu. Tarehe 25 Agosti 2023 giza lilirudi tena, mara hii kwa muda mrefu zaidi. Stima ikipotea wakati wa kutuliza kioo, mfuniko usifunguliwe, hata kwa kuchungulia. Tanuri lenye kuta nene hupoa polepole lenyewe, na pengine kipande kikaokoka. Swichi izimwe, kwa kuwa stima inaporudi huweza kuja na kishindo kinachounguza kidhibiti. Ikirudi, mchomo hauendelezwi kwa kukisia. Kipande kilichopoa hupashwa upya taratibu na kutulizwa tangu mwanzo.

Chombo cha mwisho cha ukarabati ni daftari. Kabla ya kila mchomo huandikwa tarehe, namba iliyo kwenye mita ya tokeni na volti za soketi. Katikati, muda uliochukuliwa kufika nyuzi 500. Mwishoni, namba ya mita tena. Kigae cha chupa ile ile huwekwa kila mara kwenye pembe ile ile ya rafu, kisha hubandikwa kando ya maandishi. Muda ukirefuka na volti hazikushuka, koili inazeeka. Muda usipobadilika lakini kingo za kigae zikawa mviringo kuliko za mwezi uliopita, kidhibiti kinadanganywa, na themokapo ndiyo ya kuangaliwa kwanza.