Ukuta Mbele ya Nyumba Yako

Mwaka ukianza, nyumba zetu hujaa maazimio. Baba asema atakimbia kila asubuhi. Mama asema ataweka akiba. Mwalimu asema ataimaliza Biblia nzima. Hata Kwaresima haijesha, viatu vya kukimbilia vimo uvunguni, na akiba imekwisha kuliwa. Tena hasara yake si ya mwili na fedha tu. Watoto waliyasikia maneno yale siku yaliponenwa, nao hujifunza ya kuwa neno la mzazi ni upepo. Kwa hiyo kuazimia si jambo la mchezo, na yatupasa kulifanya kwa akili.

Mfano mwema tunao katika habari za Nehemia. Aliposikia ya kuwa ukuta wa Yerusalemu umebomoka, alilia, akafunga, akaomba. Lakini hakuishia katika kulia. Alipofika mjini alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku pamoja na watu wachache, akautazama ukuta mahali ulipobomoka, kabla ya kuwaambia wakubwa shauri lake.

Basi neno la kwanza ni hili: utazame kwanza ulipobomoka. Atakaye afya na aende zahanati, apimwe uzito, sukari, na shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha. Ugonjwa huu aghalabu hauna dalili. Mtu aweza kukaa nao miaka mingi asijue. Naye atakaye akiba na aandike mwezi mzima kila shilingi itokayo mkononi mwake, ndipo ajue mfuko unavuja wapi.

Neno la pili: gawanya kazi. Kitabu chataja wafua dhahabu na watengeneza manukato, hata binti za Shalumu, na baadhi yao walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe. Hapana aliyepewa ukuta mzima. Asemaye, "Nitakuwa na afya njema," amejitwika ukuta mzima, wala hajui ashike jiwe lipi. Bali asemaye, "Nitatembea kwa haraka dakika 30, siku tano za juma, baada ya sala ya asubuhi," huyo ameiona sehemu iliyo mbele ya nyumba yake. Dakika hizo jumla yake ni 150. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, liliwashauri watu wazima dakika 150 hadi 300 za namna hiyo kwa juma, na watoto na vijana wastani wa dakika 60 kwa siku. Asiyeweza 30 na aanze na 10, maana kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

Lakini tuangalie tusimtwike mtu mzigo usio wake. Kulima, kuchota maji na kupanda baiskeli navyo vimo katika hesabu hiyo. Mama aliyeshika jembe tangu alfajiri hana haja ya kuhimizwa kukimbia. Pengine azimio limfaalo ni kupumzika, na azimio limfaalo mumewe ni kumchotea maji. Mwenye haja ya kutembea ni mwalimu akaaye kitini mchana kutwa, na yule apandaye pikipiki hata kwenda kanisani karibu.

Neno la tatu: weka kipimo na mwisho. Ukuta ule ulimalizika kwa siku 52. Na katika siku zetu twamjua Eliud Kipchoge wa Kenya. Mwaka 2017, huko Monza, alijaribu kukimbia kilometa 42 na kitu chini ya saa mbili, akapungukiwa na sekunde 26 tu. Akarudi mazoezini. Tarehe 12 Oktoba 2019, huko Vienna, alimaliza kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Mbio zile zilipangwa kwa kilometa: kila moja kwa dakika 2 na sekunde 50 hivi. Wala hakukimbia peke yake. Wenzake walipokezana kumkinga na upepo, na kwa sababu hiyo haikuandikwa kuwa rekodi ya dunia. Nawe usikimbie peke yako. Mwambie mwenzi wako azimio lako, naye akukinge na upepo.

Neno la mwisho: adui walimwita Nehemia mara nne aache kazi, naye alikataa mara nne. Sisi nasi twaitwa, na simu, na usingizi, na ile sauti isemayo, "Leo tu." Ikiwa siku moja imepotea, usiiache kazi, wala usijaribu kulipa kwa kutembea mara mbili kesho. Shika tena jiwe lako pale ulipoliacha.

Wala tusidhani afya ni mshahara wa wema, tukawadharau wagonjwa. Mwili ni amana. Tumeagizwa kuutunza, si kujivunia.

Basi jioni ya leo, baada ya sala, kila mtu nyumbani na aandike jambo moja dogo, siku litakapoanza na siku litakapopimwa. Karatasi ibandikwe ukutani, watoto waione. Na siku ile ikifika, waone pia ya kuwa neno limetimizwa. Mungu awabariki.