Kinga ya Kompyuta za Biashara (Sehemu ya Pili): Itazame Kwanza Mashine Dhaifu

Wiki iliyopita tulieleza jinsi virusi vinavyoingia dukani: kwa flashi ya mteja, kwa barua pepe yenye ankara ya uongo, kwa programu iliyovunjwa leseni. Leo tunajibu swali la wafanyabiashara wengi wa Kitale na Bungoma: ni kingavirusi gani isiyomaliza pesa wala kuilemea mashine?

Tuanze na historia ya kwetu. Mwaka 1895 Wabukusu walijihami katika ngome za Lumboka na Chetambe, zilizozungushiwa ukuta wa udongo na handaki. Ukuta ule haukulinda nyumba ya tajiri peke yake. Ulilinda kijiji kizima, na ulipobomolewa mahali pamoja, wote walikuwa hatarini. Tena, ukuta uliotosha kuzuia mikuki haukutosha mbele ya silaha mpya za jeshi lililoongozwa na Waingereza. Kinga ni ya wote, na kinga huchakaa: huo ndio msingi wa somo la leo.

Chukua duka la pembejeo lenye kompyuta tano Kitale na tatu katika tawi la Bungoma. Mashine ya meneja ni mpya. Ya keshia ni ya mitumba, yenye RAM ya GB 4 na diski ya zamani, na ndiyo inayotoa risiti za kodi za eTIMS. Wengi humnunulia meneja kinga ya bei ghali na kumwacha keshia hivi hivi, wakihofia mashine isije ikaganda wakulima wakiwa foleni msimu wa kupanda. Hilo ni kosa kubwa. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilianza kusambaa, kikafika nchi 150 hivi, kikiruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine mtandaoni bila mtu kubofya chochote. Microsoft ilikuwa imekwisha kutoa tiba tangu Machi. Walioumia zaidi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimeipata. Basi kingavirusi ya duka huchaguliwa kwa kupima mashine iliyo dhaifu kuliko zote. Isipoweza kukaa pale, haifai kwa mtandao huo.

Anza na ulicho nacho. Windows 10 na 11 huja na Microsoft Defender, nawe hulipi zaidi kuitumia dukani. Toleo la bure la Avast, linalopendwa sana, ni la matumizi ya nyumbani. Kuliweka kwenye kompyuta za biashara ni kuvunja masharti ya leseni. Upungufu wa Defender hiyo ya bure ni kwamba haikupi mahali pamoja pa kuzisimamia kompyuta zote. Ukiwa na mashine tano chini ya paa moja, mtu anaweza kuzipitia kila Jumatatu asubuhi. Lakini kwa duka letu lililo katika miji miwili, ni heri kulipia kifurushi cha biashara, kama vile cha ESET au Bitdefender, ili aliye Kitale aone mashine ya Bungoma iliyoachwa nyuma. Vifurushi hivi hutozwa kwa idadi ya vifaa na kwa muda. Uliza bei ya kulipia upya mwakani, usitazame punguzo la mwaka wa kwanza tu.

Wepesi usiuamini kwa tangazo, upime. Weka toleo la majaribio kwenye mashine ya keshia. Anzisha ukaguzi kamili, kisha toa risiti. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja uone RAM na diski zinavyoliwa. Ukaguzi huo baadaye uupange saa ambayo wateja ni wachache. Usiweke kingavirusi mbili pamoja, maana hugombana. Kujua kama kinga iko macho, tumia faili la EICAR, lenye alama 68 zisizo na madhara, lililotungwa ili kingavirusi zilipigie kelele. Ikinyamaza, muite fundi.

Wapo wanaozima masasisho ili kuokoa bando. Wasifanye hivyo. Windows ina mpangilio unaoruhusu kompyuta za mtandao mmoja kugawiana masasisho, ili kila moja isipakue yote peke yake. Kumbuka pia kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Ikiwa mashine ya keshia haiwezi kupokea Windows 11, pesa ya kingavirusi ghali ianze kuchangia mashine nyingine.

Ndani ya kompyuta hizo mna majina, namba za simu na madeni ya wakulima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka mwenye biashara azilinde, na zikivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenyewe, amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Mkulima aliyekopa mbolea kwako hajui ukuta wako una ufa wapi. Wewe unapaswa kujua.

Wiki ijayo: nakala za akiba, na mahali pa kuziweka.