Zabibu za Loudoun, mavuno ya mara moja

Toka Washington kwa gari uelekee magharibi. Kwa mwendo wa saa moja hivi, foleni zikikuhurumia, maghorofa yameisha na uko kwenye vilima vya kaunti ya Loudoun, jimbo la Virginia. Mashamba ya mizabibu yametapakaa huku, Aldie hadi Middleburg, na mavuno huanza mwishoni mwa Agosti hadi Oktoba, majani yanapogeuka rangi.

Mtu wa Dodoma atastaajabu. Kwao Hombolo au Mpunguzi, mkulima hupogoa, mzabibu ukachipua upya, akavuna mara mbili kwa mwaka. Huku baridi huulaza mzabibu miezi kadhaa, kwa hiyo mavuno ni mara moja tu. Mabaki ya kimbunga yakipita Septemba na mvua zake, zabibu hupasuka, ukungu ukaingia, na jasho la mwaka mzima limekwenda. Ndiyo maana utawakuta wenye mashamba wakipima sukari ya zabibu kila mara, huku wamefunika mistari kwa nyavu kuzuia ndege. Wavunaji, wengi wao kutoka Meksiko, huingia alfajiri, zabibu zikiwa bado baridi, na kukata vichala kwa mkono.

Ardhi ya Virginia ilikuwa kaidi. Mwaka 1619 baraza la Jamestown, makazi ya walowezi wa Kiingereza, liliamuru kila mwenye kaya apande mizabibu kumi kila mwaka. Ilikufa. Thomas Jefferson, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alijaribu shambani kwake Monticello kuanzia miaka ya 1770 akisaidiwa na Mwitaliano Philip Mazzei, naye akashindwa. Mizabibu ya Ulaya iliuawa na ukungu na kidudu kinachofyonza mizizi. Ilishika baadaye sana, ikibebeshwa juu ya mashina ya Kimarekani, na biashara ikachangamka kuanzia miaka ya 1970.

Kwa macho yangu, werevu wao umo kwenye kuuza siku nzima: benchi, jibini, muziki, watoto wakikimbia nyasini. Asiyekunywa pombe hapotezi safari, na ndiye dereva bora. Nenda kabla ya adhuhuri. Jumamosi mchana utagombania pa kuegesha gari.

Dodoma nayo, mavuno yake mamoja huangukia Agosti na Septemba, na tangu 2024 treni ya SGR hukufikisha kutoka Dar es Salaam kwa saa chache. Zabibu utauziwa hadi stendi. Shamba lenye benchi la mgeni ndilo la kulitafuta.