Jina la Ford Lililotiwa Rehani

Mtajie Ford Mkenya aliyekuwa na akili zake timamu mwaka wa 1991, naye aghalabu atakumbuka siasa kabla ya kukumbuka magari. Herufi nne hizo zilikuwa ufupisho wa jina la vuguvugu lililodai mfumo wa vyama vingi. Vuguvugu lilipopasuka mwaka wa 1992, kila upande uling'ang'ania herufi zake, mmoja ukaitwa FORD-Kenya na mwingine FORD-Asili. Wafuasi waligawanywa, viongozi wakagawanywa, lakini jina hakuna aliyekuwa radhi kuliacha. Makala haya hayahusu siasa hizo. Yanahusu Ford ile ya kwanza, kampuni ya magari ya Marekani, ambayo kwa jicho la mwanaisimu kisa chake ni kisa cha jina, na ambayo iliwahi kulitia jina lenyewe rehani kwa wakopeshaji.

Wahenga walinena kuwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikiipima methali hiyo kwa historia ya Ford, naona inafaa mahali pamoja na kuteleza mahali pengi.

Henry Ford alizaliwa mwaka wa 1863 shambani karibu na Dearborn, katika jimbo la Michigan, baba yake akiwa mhamiaji kutoka Ireland. Kampuni tunayoijua, iliyoandikishwa tarehe 16 Juni 1903, ilikuwa jaribio lake la tatu. Ya kwanza ilikufa. Ya pili iliitwa kwa jina lake, lakini akakosana na wenye fedha, akaondoka mwaka wa 1902 akiwa na dola 900 na ahadi kwamba wenzake hawatalitumia jina lake tena. Waliobaki walilazimika kuazima jina la Mfaransa aliyeuasisi mji wa Detroit, wakajiita Cadillac. Hebu msomaji alitafakari jambo hilo. Mtu hana kiwanda wala gari la kuuza, jina lake bado halijulikani mbali na Detroit, naye tayari analidai kana kwamba ni shamba la urithi.

Mahali ambapo methali ilifaa ni gari la Model T, lililotoka mwaka wa 1908. Hicho kweli kilikuwa chema, tena kilijiuza. Lilikuwa jepesi, lenye nguvu, na mkulima aliweza kulitengeneza mwenyewe kwa nyundo na spana. Bei yake ya mwanzo ilikuwa dola 825 hivi. Kufikia katikati ya miaka ya 1920, la bei nafuu kabisa liliuzwa chini ya dola 300. Yaliundwa zaidi ya milioni 15 kabla ya uzalishaji kusimamishwa mwaka wa 1927. Siri ya bei hiyo ilikuwa utaratibu ulioanzishwa kiwandani Highland Park mwaka wa 1913, ambapo gari linaloundwa husogezwa mbele ya wafanyakazi, na kila mmoja hurudia kazi yake moja ndogo siku nzima. Kazi ya kuunganisha fremu, iliyokuwa ikichukua saa 12 na nusu, ikafikia kumalizika kwa dakika 93.

Wafanyakazi waliichukia kazi hiyo, wakaitoroka. Mwaka wa 1913 kampuni ilibidi kuajiri watu wapatao 52,000 ili kudumisha kikosi cha 14,000 tu. Hicho ndicho kiini cha ule ujira maarufu wa dola tano kwa siku ya saa nane, uliotangazwa Januari 1914, ambao husimuliwa hadi leo kana kwamba ulikuwa sadaka. Ulikuwa mara mbili ya ujira wa awali, na familia nyingi ziliinuka kwa ajili yake, hilo silikatai. Lakini sehemu kubwa ya dola hizo iliitwa mgao wa faida, na aliyetaka kuipata alipaswa kuwakaribisha nyumbani wakaguzi wa kampuni waliochunguza usafi wa nyumba, ulevi, akiba, na kama mke aliyemo ni mke kweli.

Hapa naomba ruhusa ya kukaa kidogo, maana tumefika katika taaluma yangu. Wafanyakazi wengi wa Highland Park walikuwa wahamiaji kutoka Poland, Italia, Urusi, Shamu na kwingineko, wasiojua Kiingereza. Mwaka wa 1914 kampuni iliwafungulia shule ya lugha, na waliosita walibanwa wahudhurie. Mahafali ya shule hiyo yalikuwa mchezo wa kuigiza. Jukwaani palijengwa mfano wa meli, na mbele yake chungu kikubwa mno. Wahitimu walishuka melini wakiwa wamevaa mavazi ya kwao na kubeba vifurushi, wakaingia chunguni. Walimu wao wakakoroga kwa miko mirefu. Kisha wakatoka upande wa pili wamevaa suti za Kimarekani, bendera ndogo mkononi. Nimefundisha habari za sera ya lugha kwa miaka mingi, na sijapata mfano ulio wazi kuliko huo. Mwanafunzi wa Kenya aliyesikia wazee wake wakisimulia jinsi walivyovishwa kibao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya mama shuleni hahitaji maelezo marefu. Tofauti ni kwamba wa Highland Park walilipwa.

Mwishoni mwa mwaka wa 1918 Henry Ford alinunua gazeti, Dearborn Independent. Kuanzia Mei 1920 gazeti hilo lilichapisha, toleo baada ya toleo, makala ya kuwasingizia Wayahudi kila uovu wa dunia, yakiegemea hati ya kughushi ambayo mwaka wa 1921 gazeti la Times la London lilidhihirisha uwongo wake. Makala yalikusanywa katika vitabu vinne, vikatafsiriwa kwa Kijerumani. Mawakala wa kuuza magari walishurutishwa kuliuza gazeti pia. Kwa maneno mengine, mtandao uleule uliojengwa kwa wema wa Model T ndio uliobeba matusi hadi vijijini. Hapo kibaya hakikuhitaji kujitembeza; kilipandishwa garini juu ya kilicho chema.

Wakili mmoja, Aaron Sapiro, alishtaki. Mnamo Julai 1927 Ford aliomba radhi kwa maandishi, akidai kuwa hakujua yaliyokuwa yakichapishwa katika gazeti lake mwenyewe, na kabla ya mwaka kwisha gazeti likafungwa. Maneno ya radhi hiyo hakuyatunga yeye, bali Louis Marshall, kiongozi wa Wayahudi wa Marekani. Ni radhi ya ajabu, iliyoandikwa na mwombwaji kwa niaba ya mwombaji. Nani asiyeweza kukisia uzito wake? Tarehe 30 Julai 1938, alipotimiza miaka 75, Henry Ford alipokea nishani ya serikali ya Hitler kutoka kwa mabalozi wadogo wa Ujerumani, wala hakuirudisha.

Kuhusu vyama vya wafanyakazi nitapita haraka, si kwa kuwa ni jambo dogo. Machi 1932, wasio na kazi walioandamana kuelekea kiwanda cha Rouge walipigwa risasi, wanne wakafa papo hapo. Mei 1937, Walter Reuther na wenzake wa chama cha wafanyakazi wa magari walipigwa na walinzi wa kampuni mbele ya wapiga picha. Ford ilikuwa ya mwisho kati ya kampuni tatu kubwa kukitambua chama hicho, mwaka wa 1941.

Baada ya vita, mjukuu, Henry Ford wa Pili, aliiokoa kampuni iliyokuwa ikivuja fedha. Enzi yake ndiyo iliyotoa Mustang ya mwaka wa 1964, lakini kabla yake ikatoa Edsel. Mnamo 1955 kampuni ilikuwa ikitafuta jina la gari jipya. Wataalamu wa matangazo walileta orodha ya majina yapatayo 6,000. Mshairi Marianne Moore aliombwa ashauri, naye akapendekeza majina yake, la mwisho likiwa Utopian Turtletop, lenye kobe ndani yake. Wakubwa walichoka, wakalichagua jina la marehemu mwana wa mwasisi. Gari lilitangazwa kwa vishindo Septemba 1957, likazikwa Novemba 1959 kwa hasara ya dola milioni 250 hivi. Wapo wanaosema jina ndilo lililoliua. Mimi siamini. Gari lilikuwa ghali, lenye kasoro nyingi, na lilitoka wakati uchumi umedorora. Ila tangu hapo jina la mtu mpole, aliyeonewa na baba yake, limekuwa katika Kiingereza cha Marekani neno la kuita kila lisilofaulu.

Pinto, gari dogo la mwaka wa 1970, ni jambo zito zaidi. Lilipogongwa kwa nyuma, tangi lake la petroli liliweza kupasuka na kuwaka. Idara ya serikali ya usalama barabarani ilihesabu vifo 27 vya namna hiyo, na mwaka wa 1978 kampuni iliyaita magari milioni moja na nusu yarekebishwe. Kilichowatia watu hasira ni waraka wa kampuni uliokadiria uhai wa mtu kuwa dola 200,000, ukaulinganisha na gharama ya dola 11 kwa kila gari. Haki itendeke: waraka huo haukuhusu Pinto hasa, bali moto utokeao magari ya aina zote yanapopinduka, na makadirio yale ya dola 200,000 yalitoka kwa idara yenyewe ya serikali. Lakini hesabu ile iliandikwa Ford, ikasomwa na umma chini ya jina la Ford, na hadi leo haijabanduka. Watani wa Marekani huzinyumbua herufi nne za jina zikawa sentensi ya kusema kuwa gari lilikutwa limekufa barabarani.

Huku kwetu sifa ilikuwa nyingine. Waliopanga mstari kando ya barabara za Safari Rally waliona Cortina ya Peter Hughes ikishinda mwaka wa 1964, Taunus ya Robin Hillyar mwaka wa 1969, na Escort ya Hannu Mikkola wa Finland mwaka wa 1972, dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kulinyakua taji. Magari hayo hayakutoka Detroit. Cortina na Escort zilikuwa za Ford ya Uingereza, na Taunus ilitoka Köln, Ujerumani, katika kiwanda ambacho wakati wa vita kilitumia watu waliolazimishwa kazi, miongoni mwao wafungwa wa kambi ya Buchenwald. Kampuni ilitoa ripoti ya uchunguzi wake kuhusu jambo hilo mwaka wa 2001.

Rehani yenyewe iliwekwa mwaka wa 2006. Alan Mulally, aliyetoka kampuni ya ndege ya Boeing, alikuta hali mbaya, na Ford ikakopa zaidi ya dola bilioni 23 kwa kuweka dhamana viwanda, majengo, na ile alama ya duara la buluu yenye jina ndani yake. General Motors na Chrysler zilipofilisika mwaka wa 2009 na kuokolewa na serikali, Ford ilisimama, na sifa yake ikapanda sana. Sifa hiyo naikubali kwa kipimo: Mulally mwenyewe alikwenda Bungeni kuunga mkono wenzake wasaidiwe, na mwaka huohuo wa 2009 Ford ilipata mkopo wa serikali wa dola bilioni 5.9 wa kuboresha magari yatumie mafuta kidogo. Alama ilikombolewa Mei 2012.

Nimeulizwa na wanafunzi kama si unafiki kuyasema haya yote na bado kuwapa wasome Language in Kenya, kitabu alichokihariri W. H. Whiteley. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka wa 1974, ni tunda la uchunguzi wa lugha katika nchi tano za ukanda huu uliogharimiwa na Ford Foundation, shirika lililoanzishwa na Edsel mwaka wa 1936 na kurithi hisa za baba na mwana. Hisa ziliwekwa humo ili familia ikwepe kodi ya urithi bila kupoteza usukani wa kampuni. Shirika lilikuwa limekwisha jitenga na kampuni, na katika mwaka huohuo wa 1974 likawa limemaliza kuuza hisa zake za Ford. Jina halikubadilishwa.

Jibu langu ni kwamba kitabu kitaendelea kusomwa, kwa sababu takwimu zake kuhusu nani husema lugha gani sokoni, kazini na nyumbani hazina mfano kwa miaka ile. Ila katika mhadhara uleule nawasimulia chungu cha Highland Park, kisha nawaomba waniambie fedha zilizokoroga lugha za Wapoland na Waitaliano zilikujaje, nusu karne baadaye, kuzihesabu za kwetu. Mwaka jana mabishano yalichukua saa mbili, na mhadhiri aliyefuata alilazimika kugonga mlango.