Uzeeni Utakula Nini?

Ndugu mkulima wa Getanuwas, leo una nguvu. Unalima mahindi na maharage. Unafuga ng'ombe. Je, siku jembe litakapokuwa zito mkononi, utakula nini?

Mwalimu hupata pensheni. Kila mwezi hukatwa fedha kidogo katika mshahara wake. Mwajiri naye huongeza. Akistaafu, mfuko humlipa. Wewe mkulima huna mwajiri.

Mwaka 2016 Serikali ya Zanzibar ilianza kumlipa kila mzee wa miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, hata kama hakuajiriwa. Tanzania Bara haina malipo kama hayo kwa wazee wote. Basi tujiwekee wenyewe.

Sisi huweka akiba katika mifugo. Ni akiba nzuri, maana ng'ombe huzaa. Lakini ukame ukija, zizi zima laweza kwisha. Ng'ombe aliyekonda naye hana bei. Watoto hutusaidia, lakini nao wana watoto wao.

Ufanye nini? Usiuze ng'ombe wote. Gawa akiba yako. Mfuko wa NSSF hupokea pia wakulima. Ukichangia miezi 180, yaani miaka 15, na kufikia umri wa kustaafu, utalipwa kila mwezi mpaka mwisho wa maisha yako. Mwenye miaka 40 bado ana nafasi. Akingoja afike 58, amechelewa.

Ukiuza mazao, kwanza tenga fedha za uzeeni. Halafu nunua mengine. Akiba haiozi.