Jina la Ugonjwa ni Sehemu ya Tiba

Mtoto akivimba taya huko Mugumu au katika vijiji vya Tarime, jambo la kwanza linalotujia sisi wazazi ni jino bovu. Mara nyingi dhana hiyo huwa sahihi. Hata hivyo, ukanda wa Ziwa Victoria umejulikana kwa miaka mingi kuwa na limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto ambayo aghalabu hujitokeza tayani na hukua kwa kasi ya kutisha. Hivyo, neno litakaloandikwa katika kadi ya mtoto huyo si jambo dogo.

Daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyekuwa Kampala, aliueleza ugonjwa huu mwaka 1958 akiuita sakoma ya taya. Baadaye uchunguzi wa maabara ulibainisha kuwa ni limfoma, yaani saratani inayotokana na chembe za mfumo wa mitoki. Jina lilipobadilika, tiba nayo ilieleweka: ugonjwa huu hutibiwa hasa kwa dawa za saratani zinazozunguka mwili mzima, wala haungoji kisu cha kukata taya. Mtoto anayewahishwa ana matumaini makubwa ya kupona.

Mkoa wa Mara una historia yake katika jambo hili. Katika eneo lililoitwa Mara Kaskazini, ambalo leo ni Tarime na Rorya, wagonjwa wa Burkitt waliandikwa kwa utaratibu tangu mwaka 1964. Kisha, kati ya mwaka 1977 na 1982, watoto waligawiwa klorokwini ili ijulikane kama kupunguza malaria kungepunguza saratani hiyo. Wagonjwa walipungua kweli. Lakini kumbukumbu zilionyesha kuwa walikwisha kuanza kupungua kabla ya dawa kugawiwa, hivyo sifa yote haikuweza kupewa klorokwini. Bila madaftari yale ya awali, watafiti wangeamini jambo lisilo na uthibitisho.

Leo hospitali hutumia misimbo ya Shirika la Afya Duniani, yaani herufi na tarakimu zinazosimama badala ya jina la ugonjwa. Katika toleo la kumi, limfoma ya Burkitt ni C83.7, hata kama uvimbe uko tayani. Saratani ya mfupa wa taya la chini ni C41.1. Mwandishi akiishia kwenye maneno "uvimbe wa shingo", msimbo wake ni R22.1, nao hauhesabiwi kuwa saratani kabisa. Mgonjwa huyo hupotea katika hesabu inayotumika kupanga dawa na wataalamu.

Lugha yetu nayo ina mtego wake. Tunaposema "saratani ya koo", mmoja hukusudia zoloto, palipo na sauti, ambayo ni C32. Mwingine hukusudia umio, njia ya chakula, ambayo ni C15. Ni magonjwa mawili yenye tiba tofauti.

Familia inaweza kusaidia. Mgonjwa akipewa rufaa kutoka Mugumu kwenda Bugando, Mwanza, tuhakikishe barua inataja mahali hasa ulipo uvimbe, upande wa kulia au wa kushoto, na tarehe ulipoanza kuonekana. Kama amekatwa kinyama kwa uchunguzi, tuulize namba ya kipimo na siku ya kufuata majibu, na tusiondoke bila nakala yake. Jina la mgonjwa liwe lilelile katika kila karatasi: anayeandikwa Abdallah hapa na Abdul kule anaweza kuhesabiwa watu wawili, na majibu yake yakabaki kwenye faili asilofunguliwa tena.

Kumuuliza daktari kwa adabu, "Umeandika ugonjwa gani?", si kumkosea heshima. Mtoto aliyevimba taya hawezi kujieleza akifika mbele ya daktari asiyemjua. Karatasi aliyoishika mzazi wake ndiyo itakayomsemea.